Louis Rwagasore: Kutoka deni la ushirika hadi ushindi wa kishindo

Septemba 18, 1961, wananchi wa Burundi walipanga foleni kulichagua bunge lao chini ya macho ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa. Kura zilipohesabiwa, UPRONA, chama kilichokuwa na kibali rasmi kwa miezi 20 tu, kilikuwa kimejinyakulia viti 58 kati ya 64. Aliyekiongoza kufikia ushindi huo alikuwa kijana wa miaka 29, Louis Rwagasore, mtoto wa mfalme. Wiki chache baadaye alikuwa kaburini.

Historia yake husimuliwa mara nyingi kuanzia mwisho, yaani kuanzia risasi iliyomuua. Hata hivyo, anayetaka kuelewa jinsi chama kichanga kilivyowashinda wapinzani waliokuwa na serikali mkononi hana budi kuanzia sokoni, kwenye maduka madogo ya Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura. Huko ndiko mwana wa mfalme alikojifunza siasa, na huko ndiko alikoanguka kwa mara ya kwanza.

Mtoto wa Mwambutsa

Rwagasore alizaliwa Januari 10, 1932, mjini Gitega. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyerithi kiti cha ufalme tangu 1915 akiwa mtoto mdogo. Mama yake alikuwa Thérèse Kanyonga. Wakati huo Burundi, pamoja na jirani yake Rwanda, ilitawaliwa na Ubelgiji kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, baada ya Wajerumani kuondolewa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mfalme alibaki na heshima yake na ngoma zake, lakini amri kubwa zilitoka kwa Wabelgiji.

Katika Burundi ya enzi hizo, watu wa ukoo wa kifalme waliitwa Baganwa. Hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Wao wenyewe walikuwa wamegawanyika katika matawi yaliyoshindania madaraka kwa vizazi. Matawi mawili yaliyokuwa na nguvu zaidi yalikuwa Bezi, ambalo Mwambutsa alitoka, na Batare, ambalo kiongozi wake mashuhuri alikuwa chifu Pierre Baranyanka, rafiki wa karibu wa watawala wa kikoloni. Uhasama huo wa kindugu ungekuja kuvaa mavazi ya vyama vya siasa.

Kijana Rwagasore alisoma katika shule za wamisionari, kisha akapelekwa Astrida, mji wa Rwanda unaojulikana leo kwa jina la Huye, kwenye shule iliyowaandaa watoto wa machifu kuwa makarani na watawala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Ubelgiji kuendelea na masomo katika mji wa Antwerp. Aliporejea nyumbani mwaka 1956, wengi walitarajia kwamba angepewa eneo la kutawala na kuishi maisha ya kichifu. Yeye aliona kazi nyingine iliyokuwa inasubiri.

Ushirika uliozama katika madeni

Biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo ilikuwa wakati huo mikononi mwa kampuni za Wazungu, Wagiriki, Waarabu na Waasia. Mfanyabiashara Mwafrika alichukua mali kwa tajiri, mara nyingi kwa mkopo, akauza vitenge, chumvi na sabuni kwa rejareja, na bei alipangiwa. Faida iliyobaki mfukoni mwake ilikuwa ndogo. Mkulima wa kahawa naye aliuza mazao yake kwa bei ambayo hakuwa na sauti juu yake.

Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: wenye mitaji midogo wakusanye fedha zao, waagize bidhaa wenyewe, na waache kumtegemea tajiri wa kati. Msomaji wa Kasese hahitaji maelezo marefu hapa. Kuanzia Bwera na Kinyamaseke hadi tambarare za chini ya Rwenzori, wakulima wa pamba wanakijua Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyakatonzi, na wanajua faida ya kuuza kwa pamoja na pia maumivu ya ushirika unapolemewa.

Ushirika wa Rwagasore ulilemewa mapema. Usimamizi wa fedha ulikuwa dhaifu, madeni yakarundikana, na wanachama wengi hawakuwa na uzoefu wa biashara kubwa. Watawala wa Kibelgiji, waliokuwa wakimtazama kwa mashaka tangu mwanzo, walipata sababu ya kuingilia kati na kuuweka chini ya uangalizi wao. Kwa hesabu za kibiashara, mradi ule ulishindwa.

Kwa hesabu za kisiasa mambo yalikuwa tofauti. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, mtoto wa mfalme alikuwa ameketi na wauza samaki, madereva, mafundi cherehani na wachuuzi, akizungumza nao juu ya bei, mikopo na ushuru. Alijua majina yao na shida zao. Deni lilibaki kwenye vitabu, na watu wale walibaki naye.

Waswahili wa Buyenzi

Miongoni mwa watu hao walikuwamo Waswahili wa Usumbura. Mtaa wa Buyenzi, kama ilivyokuwa miji ya mwambao wa Ziwa Tanganyika ya Rumonge na Nyanza-Lac, ulikaliwa na Waislamu waliozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa na asili ya Kongo, Tanganyika na kwingineko. Wakoloni waliwatazama kama wageni wa mjini, na machifu wengi wa milimani hawakuwahesabu kuwa raia kamili.

Rwagasore aliwapokea kama wananchi. Kiswahili kilimfungulia milango ya Buyenzi na pia ya Tanganyika, ambako Julius Nyerere na chama cha TANU walikuwa wakijenga harakati zilizopita juu ya mipaka ya makabila. Wawili hao walijenga uhusiano wa karibu. Mwezi Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa Tanganyika, ikisaidiwa kwa kiasi kikubwa na mtandao wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa kanda ya Ziwa Victoria. Mfano huo ulikuwa ng'ambo tu ya mpaka, na Rwagasore aliufuatilia kwa makini.

Kwa wasikilizaji wanaoishi mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya wachache, jambo hili lina uzito wake. Chama kilichokuja kushika nchi ya Warundi kilipata baadhi ya wafuasi wake wa mwanzo, na walio imara zaidi, katika mtaa wa watu walioambiwa kila siku kwamba hawakuwa wenyeji.

Chama kipya katika uchumi unaoyumba

UPRONA, yaani Umoja na Maendeleo ya Taifa, kilianza kujijenga mwishoni mwa miaka ya 1950 na kikapata kibali rasmi Januari 1960. Kilidai uhuru wa haraka, kiliuheshimu ufalme kwa sharti kwamba uwe wa kikatiba, na kilikusanya Wahutu, Watutsi, Baganwa na Waswahili chini ya bendera moja. Rwagasore mwenyewe, aliyekuwa ameteuliwa kuwa chifu wa Butanyerera kaskazini mwa nchi mwaka 1959, ndiye aliyekuwa moyo wa chama hata pale ambapo vyeo rasmi vilishikwa na wengine.

Wapinzani wao wakubwa walikuwa chama cha Kikristo cha kidemokrasia, PDC, kilichoongozwa na watoto wawili wa chifu Baranyanka, Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza. PDC hakikuwa na haraka ya uhuru, na Wabelgiji walikipenda kwa sababu hiyo. Ushindani wa kale wa Bezi na Batare ukawa sasa ushindani wa sanduku la kura.

Hali ya maisha ilikuwa ngumu. Bei ya kahawa katika soko la dunia ilikuwa imeshuka tangu katikati ya miaka ya 1950, na kahawa ndiyo iliyomletea mkulima wa Burundi fedha ya kodi na karo. Kisha, mwaka 1960, Kongo ikapata uhuru na ndani ya siku chache ikatumbukia katika machafuko. Ruanda-Urundi ilikuwa imefungwa na Kongo kwa sarafu moja, kwa biashara na kwa utawala. Ghafla ilibidi benki mpya ya kutoa fedha iundwe, na wafanyabiashara wa pande zote za ziwa na za Mto Ruzizi wakajikuta katika mashaka. Watu wa Bwera na Mpondwe, ambao soko lao hutikisika kila Kongo inapotikisika, wanaweza kuipima hali hiyo kwa uzoefu wao.

Rwagasore aligeuza ugumu huo kuwa hoja. Aliwahimiza wananchi wagomee maduka ya wakoloni na wakatae kulipa kodi. Kwa watawala, hilo lilikuwa jambo lisilovumilika.

Kushindwa kwa kwanza

Katika mazungumzo yaliyofanyika Brussels mwezi Agosti 1960, Wabelgiji waliweka kanuni iliyowazuia ndugu wa karibu wa mfalme kushiriki katika siasa. Kanuni hiyo haikumtaja mtu kwa jina, lakini kila mtu alijua imemlenga nani. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, Rwagasore aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani, naye akabaki humo hadi mwezi Desemba.

Kipindi hichohicho ndicho kilichochaguliwa kwa uchaguzi wa mabaraza ya tarafa. Kiongozi wao akiwa amefungiwa, wana-UPRONA walipata viti 545 kati ya 2,876, huku PDC kikipata 942. Januari 1961 iliundwa serikali ya mpito chini ya Joseph Cimpaye, ambamo wapinzani wa UPRONA walishika nafasi. Kwa mtazamaji wa wakati ule, hadithi ya Rwagasore ilionekana kukaribia ukingoni: ushirika ulikwisha, uchaguzi ulipotea, na serikali ilikuwa ya wengine.

Mambo mawili yaliigeuza hali hiyo. La kwanza lilitoka New York. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambalo kisheria lilikuwa msimamizi wa Ruanda-Urundi, liliishinikiza Ubelgiji iahirishe uchaguzi wa bunge, iondoe vizuizi vya kisiasa na iruhusu usimamizi wa kimataifa. La pili lilitoka vijijini. Baada ya kuachiliwa, Rwagasore na wenzake walipita mlima kwa mlima, wakiutumia mtandao uleule wa wachuuzi, madereva na wakulima ambao ushirika ulikuwa umeuacha nyuma. Kizuizi nacho kilikuwa kimemwongezea heshima, kwani mtu aliyefungwa na mkoloni hakuweza tena kuitwa kibaraka wa mkoloni.

Siku ya kura na siku za madaraka

Matokeo ya Septemba 18, 1961 yaliwashangaza Wabelgiji. UPRONA kilipata takriban asilimia 80 ya kura. Chama kilichokuwa nyuma kwa mbali miezi 10 kabla kilikuwa sasa na zaidi ya viti tisa katika kila viti kumi vya bunge. Wakulima walimpigia kura mtoto wa mfalme kwa sababu alikuwa mtoto wa mfalme, watu wa mjini walimpigia kwa sababu walimfahamu, na wengi walimpigia kwa sababu alikuwa upande uliotaka mkoloni aondoke.

Mwishoni mwa Septemba Rwagasore aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Serikali yake iliwachanganya watu wa asili mbalimbali. Pierre Ngendandumwe, Mhutu, alikuwa naibu wake, na André Muhirwa, wa ukoo wa Baganwa na shemeji yake, alikuwa miongoni mwa mawaziri. Rwagasore alijaribu kutuliza nyoyo za walioshindwa na kuwaonya wafuasi wake wasilipize kisasi. Nchi ilikuwa bado na hazina duni, jirani mwenye vita na mkoloni aliyekuwa hajaondoka.

Oktoba 13, 1961

Jioni ya Oktoba 13, Waziri Mkuu alikuwa akila chakula na wenzake katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Risasi moja iliyofyatuliwa kutoka gizani ilimwua. Alikuwa ameongoza serikali kwa wiki mbili.

Aliyefyatua alikuwa Mgiriki aitwaye Kageorgis. Uchunguzi uliwafikia haraka waliomtuma, wakiwamo Ntidendereza na Biroli, watoto wa Baranyanka. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama Juni 30, 1962, siku moja kabla ya Burundi kuwa huru. Januari 1963, baada ya kesi kusikilizwa upya chini ya serikali huru, wengine watano, wakiwamo ndugu wale wawili, walinyongwa hadharani mjini Gitega. Swali la kama maofisa wa Kibelgiji walijua au walichochea njama hiyo halijazimika. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliituhumu wazi Ubelgiji kwa mauaji hayo.

Rwagasore alizikwa kwenye kilima cha Vugizo, kinachoutazama mji na ziwa. Alimwacha mjane, Marie-Rose Ntamikevyo. Mabinti wawili waliozaliwa katika ndoa yao walifariki wakiwa wachanga.

Nyumba iliyoegemea nguzo moja

Ushindi wa viti 58 haukufutwa na risasi ile. Bunge lilibaki, serikali iliendelea chini ya Muhirwa, na Julai 1, 1962 bendera ya Burundi huru ilipandishwa. Kilichopotea kilikuwa kitu ambacho hakikuandikwa katika katiba wala katika kanuni za chama, nacho ni uwezo wa mtu mmoja kuwaketisha pamoja watu ambao bila yeye wangetazamana kwa chuki.

Ndani ya miezi michache UPRONA kilianza kugombania nafsi yake. Muhirwa na Paul Mirerekano, Mhutu aliyekuwa karibu na marehemu, kila mmoja alidai kuwa mrithi halali wa uongozi wa chama. Januari 1962, vijana waliojiita kwa jina la Rwagasore waliwaua wanasiasa wa Kihutu katika mtaa wa Kamenge, mjini Usumbura. Jina la mtu aliyekataa kisasi lilitumika kumwaga damu kabla hata majani ya kaburi lake hayajaota vizuri.

Yaliyofuata yanajulikana. Ngendandumwe aliuawa Januari 1965. Jaribio la mapinduzi la Oktoba mwaka huohuo lilifuatiwa na kuuawa kwa viongozi wengi wa Kihutu, Mirerekano akiwamo. Mwaka 1966 ufalme uliangushwa na Kapteni Michel Micombero, na UPRONA, chama kilichozaliwa kwa kura, kikawa chama pekee chini ya wanajeshi. Mwaka 1972 nchi iliingia katika mauaji makubwa yaliyowakimbiza maelfu kwa maelfu kuelekea Tanzania, Kongo na kwingineko.

Miaka 32 baada ya ushindi wa Rwagasore, historia ilijirudia kwa namna ya kutisha. Juni 1993 chama kingine kipya, FRODEBU, kilichosajiliwa mwaka 1992, kilikishinda UPRONA chenyewe. Melchior Ndadaye alipata takriban asilimia 65 ya kura za urais, na chama chake kikachukua viti 65 kati ya 81. Oktoba 21 mwaka huohuo, Ndadaye aliuawa na wanajeshi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata viliwachosha Warundi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mzee Nyerere, rafiki wa ujana wa Rwagasore, alitumia miaka yake ya mwisho kuwasuluhisha mjini Arusha, na mkataba ulitiwa saini Agosti 2000, miezi 10 baada ya kifo chake, chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela.

Kumbukumbu isiyokwisha

Leo Oktoba 13 ni siku ya mapumziko nchini Burundi. Barabara kuu ya Bujumbura ina jina la Rwagasore, na sura yake imechapishwa kwenye noti ya faranga 10,000 pamoja na ile ya Ndadaye. Washindi wawili wa uchaguzi, waliotoka vyama viwili vilivyopingana, wanapita pamoja mikononi mwa wauza samaki na wachuuzi, watu wa aina ileile ambao ushirika wa mwaka 1957 ulikusudiwa kuwainua.

Wanahistoria hutofautiana juu yake. Wapo wanaosema kwamba kufa mapema kumempa utakatifu ambao madaraka yangemwondolea, na kwamba chama chake kilikuwa na nyufa tangu siku ya kwanza. Wapo wanaoamini kwamba angeishi, Burundi isingepita njia ya damu iliyoipita. Hoja zote mbili zinakutana mahali pamoja: muungano aliouunda ulisimama juu ya imani ya watu kwake binafsi, na hakupata muda wa kuigeuza imani hiyo kuwa taasisi zinazoweza kuendelea bila yeye.

Hapo ndipo maisha yake yanapozungumza na nchi jirani. Mwishoni mwa Juni 1962, siku zilezile ambapo Burundi ilikuwa ikijiandaa kwa uhuru, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza Rwenzururu milimani, baada ya wawakilishi wa Bakonzo na Baamba kutoka katika baraza la Toro wakiona kwamba viti walivyochaguliwa kuvikalia havikuwapa usawa. Huku, kama kule, watu walipiga kura kisha wakauliza kura ile ilikuwa na thamani gani. Uganda na Burundi, pamoja na Kongo iliyojiunga mwaka 2022, sasa zinakaa katika meza moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiswahili, lugha iliyomfungulia Rwagasore mlango wa Buyenzi, ni lugha rasmi.

Kila mwaka, Oktoba 13, viongozi wa Burundi hupanda Vugizo na kuweka mashada ya maua juu ya kaburi lake. Chini yao huonekana ziwa na mitaa ya mji, Buyenzi ukiwa mmoja wao, ambako maduka madogo hufunguliwa asubuhi kama kawaida na Kiswahili bado ndiyo lugha ya biashara.